Ukurasa wa Wapakiaji

Tecla wa Kaniha hakungoja kukaribishwa. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ghala la kikundi, akafungua salfeti, akatoa muhogo mmoja mnene na kuuweka juu ya meza ambapo Marsiana alikuwa akichambua maharage ya kigango. Kisha akatoa kisu, akaupasua katikati.

Michirizi ya kahawia, mikavu kama gome, ilikuwa imepita ndani ya nyama yake nyeupe hadi moyoni.

"Shikamoo, mama," Tecla alisema. Alikuwa amekasirika, lakini adabu hakuiacha njiani.

"Marahaba, mwanangu. Muhogo huu umetoka wapi?"

"Shambani kwangu. Shamba zima liko hivi. Nguruwe tumewapa, wakanusa, wakaenda zao. Mwaka jana nilikuja hapa Runazi kuchukua mbegu safi. Waliokuwa wakiuza vijiti kando ya barabara niliwapita nikiwadharau. Nikasema, mimi naenda kwa watu wanaokagua."

"Ulichukua za nani?"

Tecla aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha kitenge cha buluu chenye ndege weupe, kimepauka kwa mvua na jua, akakilaza kando ya muhogo.

Marsiana hakuhitaji kukishika. Katika kikundi chao cha mbegu za mihogo kila mkulima alifunga mafungu yake ya pingili kwa kitambaa chake mwenyewe, ili mtu akiwa na neno, jema au baya, ajue pa kulipeleka. Mwenyekiti Wiston alifunga kwa vipande vya shati jekundu. Mzee Novatus alifunga kwa chandarua kikuukuu. Yeye Marsiana, siku alipovua nguo za msiba wa mume wake Deusdedit, alitoa sandukuni kitenge ambacho marehemu alimnunulia, akakichana vipande vyembamba. Alisema afadhali kikafanye kazi kuliko kukaa pale kikimliza.

"Ni changu," alisema.

"Najua ni chako. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwenyekiti."

"Lakini mwaka jana si mimi niliyeyapakia mafungu yangu."

"Sasa mama, kama si wewe, nani alipakia?"

Swali hilo Marsiana alibaki nalo hata baada ya Tecla kunywa uji na kuondoka. Yeye na Novatus ndio wakaguzi wa kikundi. Waliteuliwa kwa sababu wote wawili hawana haraka: wanaingia mstari kwa mstari, wanainama, wanafunua majani ya chini, maana ugonjwa huo wa michirizi huanzia chini, kwa madoa ya njano yanayofuata mishipa, wakati majani ya juu bado yanacheka. Na sharti la kwanza la kikundi ni kwamba mkaguzi hakagui shamba lake. Mwaka jana alikata mafungu kadhaa akayaweka kivulini yamsubiri Novatus. Ukaja msiba wa dada yake huko Ngara, akaenda. Aliporudi mafungu hayapo, akaambiwa yameshapita. Alidhani Novatus ndiye aliyeyapitisha, akashukuru.

Sasa alikwenda kwa Novatus na kumuuliza. Mzee alikuwa ameketi mlangoni akinoa jembe.

"Mimi?" Novatus alisema. "Mwaka jana wakati wa kupakia nilikuwa nimelala kitandani na malaria, hata uji nalishwa. Shamba lako sijalikanyaga, mama Jovitus."

"Basi lete hilo jembe. Twende ukalikague leo hii."

Waliingia pamoja. Marsiana alisimama kwenye mpaka, maana ni shamba lake, na Novatus akapita peke yake akiinama. Hakukawia. Aling'oa shina moja, akapasua muhogo, akamwinulia juu auone kutoka kule aliposimama. Michirizi ilikuwa ileile.

Siku hiyohiyo Marsiana alianza kung'oa. Alichoma kila shina, na moshi ulipomwingia machoni alisali rozari bila kuacha kazi, akiihesabu kwa vidole kwa kuwa mikono ilikuwa na tope.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Nyakanazi. Binti wa kaka yake, Irine, alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni, karibu na malori yanapolala. Alisomea kompyuta chuoni, na ndiye aliyeandika programu ya kikundi. Ukiifungua kwenye simu unaona kurasa tatu: wa wakaguzi, wa wakulima na wa wapakiaji. Marsiana aliutumia ule wa kwanza kila wiki, na hakuwahi kuona kitu cha kumtia shaka.

"Shangazi, kaa kitandani, kiti kimoja tu hiki kina miguu," Irine alisema. "Mbona uso hivyo?"

Marsiana aliweka kipande cha kitenge juu ya kompyuta na kueleza. Irine alisikiliza, na kabla hajamaliza alikuwa ameshika kichwa.

"Ni ukurasa wa wapakiaji," alisema.

"Umefanyaje?"

"Unapita peke yake." Alisogeza kompyuta ili shangazi yake aone, ingawa mistari ile ilikuwa kama sisimizi. "Taarifa zote za mashamba zinakaa mahali pamoja, kwenye hifadhidata. Simu haiwezi kuzungumza na hifadhidata hivihivi. Kuna kitu tunakiita maktaba. Si ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, naichukua naitia kwenye programu yangu: inajua kubisha hodi, inajua kutoa neno la siri, inajua kusubiri jibu. Maktaba haina kosa. Kosa langu ni pale nilipoiitia."

"Uliiitia wapi?"

"Kila mahali. Ukurasa wa wakaguzi unaiita wenyewe, wa wakulima wenyewe, wa wapakiaji wenyewe. Kila mmoja na ufunguo wake. Lile sharti lenu, kwamba shamba lisilokaguliwa na mtu mwingine halitoki, nililiandika kwenye ukurasa wa wakaguzi. Mwenyekiti akaja mbio, lori liko njiani, anataka ukurasa wa wapakiaji jioni ileile. Nikanakili wa wakulima nikabadilisha kichwa. Sharti halikuwemo. Anayepakia anaandika 'limepita', na hifadhidata inapokea, haina wa kuuliza. Kwenye mafungu yako, jina la aliyeandika ni la mwenyekiti."

Marsiana alikichukua tena kile kipande cha kitenge. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma huku utingo akipiga bodi kwa kofi.

"Jumamosi linakuja fuso kutoka Ngara," alisema. "Vijiji vizima vinasubiri mbegu. Kule hawana ugonjwa huu, au wanao kidogo. Ukiingia kwa mkono wetu, Irine, watakula nini?"

"Najua, shangazi."

"Basi liandike lile sharti kwenye ukurasa wa tatu."

"Naweza, na ni kazi ya dakika chache. Ila mwakani mwenyekiti atataka ukurasa wa nne, nami nitakuwa na haraka, nitasahau tena." Irine alivuta kiti. "Nataka nizinyang'anye kurasa zote maktaba. Pawe na mahali pamoja tu panapoongea na hifadhidata. Kurasa zote zije hapo ziombe kwa lugha yenu wenyewe: kagua shamba, funga shamba, pakia mafungu. Sharti linakaa hapo. Ukurasa utakaotaka kupakia utaulizwa kwanza nani alikagua, na kama jina ni la mwenye shamba, unarudishwa. Hata ukurasa ambao sijauandika bado."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mimi."

"Fanya hivyo," Marsiana alisema, akainuka. "Nami nitasimama upande wa watu. Upande huo hauandikwi kwenye kompyuta."

Habari zilimfikia Wiston haraka. Alhamisi alimkuta Marsiana ghalani, akasimama mlangoni akijipepea kwa kofia. Wiston hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetembea hadi Biharamulo mjini mara nyingi mpaka kikundi kikaandikishwa, na ndiye aliyewatafuta watu wa Ngara. Alipenda tu kazi iishe.

"Mama Jovitus, nasikia wewe na yule binti mnapiga deki programu wiki ya mgeni."

"Tunaipiga deki kwa sababu ina tope, mwenyekiti. Mwaka jana ulipakia mafungu yangu."

"Nilikusaidia. Ulikuwa msibani, gari lina nafasi, mafungu yako yamekaa tu kivulini. Ulitaka nikuache nyuma?"

"Yalikuwa yanasubiri kukaguliwa. Sasa yako Kaniha, yameoza ardhini kwa watu."

Wiston alitazama pembeni kidogo. "Hilo ni bahati mbaya. Lakini mvua zimeshaanza. Ngara wamelima, ardhi iko wazi. Tukichelewa, watanunua vijiti vya barabarani, na huo ugonjwa utawafikia kwa mlango mwingine. Umelifikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria, na lilimuumiza. "Ndiyo maana mimi na Novatus tunakagua tangu alfajiri. Limebaki lako. Tumekuja mara mbili, mkeo anasema umeondoka na hujaacha ruhusa."

"Langu halina haja. Lipo barabarani, kila mpita njia analiona. Majani yake unaweza kulishia harusi kisamvu."

"Wapita njia wanaona majani ya juu."

"Tangu lini mwenyekiti akapekuliwa kama mwizi wa kuku?"

"Tangu tulipoandika sharti. Wewe ndiye uliyelisoma mbele ya mkutano, sauti ikiwa nzuri kuliko ya katekista."

Wiston alicheka kwa pua. Alitoa simu yake ya kupangusa akaigeuzageuza mkononi. "Sawa. Na wengine tuna simu," alisema, akaenda zake.

Marsiana alikuwa ameiona ile simu. Programu mpya aliyoileta Irine ilikuwa na alama ya njano; mwenyekiti alikuwa bado na ya kijani, ile ya zamani, na alikuwa ameiweka mbele kabisa. Alimpigia Irine papo hapo.

"Ana ya kijani bado."

"Nilijua kuna atakayekataa kubadilisha," Irine alisema. "Mwache nayo. Nikimaliza kuhamisha kurasa zote, nitafuta zile funguo za zamani kwenye hifadhidata yenyewe. Ya kijani itabisha, haitafunguliwa."

"Utamaliza kabla ya Jumamosi?"

"Mtandao ukinionea huruma."

Irine hakumwambia kama amemaliza. Jumamosi Marsiana alisali asubuhi, akavaa viatu vya mpira, akafika ghalani bila kujua. Fuso lilikuwa limeshafika. Aliyelileta ni Ndikuriyo, mkulima wa Ngara aliyetumwa na wenzake, mtu mrefu mwenye maneno machache na kofia ya sufu. Irine naye alikuja, macho mekundu, akakaa juu ya ndoo. Alipomtazama shangazi yake alifungua mdomo, lakini Wiston alikuwa tayari katikati yao akipiga makofi.

"Haya, tuanze. Jovitha, soma."

Jovitha alikuwa mpakiaji. Alishika simu ya kikundi, yenye programu ya njano, akataja shamba moja baada ya jingine. La Novatus lilipita. Ya wengine nayo yalipita. Vijana walirusha mafungu juu, vyandarua na kamba na vitambaa vya kila rangi. Likafika fungu la kwanza lenye shati jekundu. Jovitha alibonyeza, akasoma, akasafisha koo.

"Inasema, 'Shamba hili halijakaguliwa.'"

Kuna mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Simu hiyo ina matatizo," Wiston alisema. Akatoa yake. "Tutumie hii inayojua kazi."

Akabonyeza alama ya kijani. Marsiana alimtazama Irine, na Irine alikuwa akitazama ardhi. Kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka. Vijana walisimama na mafungu mabegani. Marsiana alihesabu Salamu Maria moja, taratibu, akafika mwisho, akaanza nyingine.

Wiston alisogeza simu karibu na macho. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayebonyeza swichi umeme ukiwa umekatika.

"'Huruhusiwi,'" Jovitha alisoma juu ya bega lake.

"Irine," Wiston alisema bila kugeuka. "Fungua."

"Siwezi, mwenyekiti. Ule ufunguo haupo tena. Nimeufuta jana."

"Wewe si ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo. Mkutano ukikaa ukasema sharti liondoke, nitaliondoa mchana kweupe, mkiona. Kukufungulia kichochoroni peke yako, hapana."

"Programu hii ni ya kikundi, si ya ukoo wenu."

"Ni ya kikundi," Marsiana alisema, "ndiyo maana hupewi ufunguo wako peke yako. Hata shamba langu limefungwa, mwenyekiti. Nenda kaone majivu."

Wiston alivaa kofia yake vizuri. "Simu siyo inayobeba mihogo. Vijana, pakieni kwa mikono. Mafungu yangu yote, juu."

Vijana walitazamana. Marsiana alitembea hadi nyuma ya fuso, akasimama mbele ya bodi iliyo wazi, akaweka mkono wake mmoja huku na mwingine kule. Hakuwa mwanamke mkubwa. Aliziba nafasi ndogo tu.

"Mtanipakia na mimi," alisema.

"Mama Jovitus, toka hapo. Unamvunjia mwenyekiti wako heshima mbele ya wageni."

"Ninayemwogopa ni Mungu, Wiston. Wewe nakuheshimu tu, na heshima yangu ndiyo hii, kwamba nakuambia usoni. Tecla wa Kaniha aliniletea muhogo uliooza, na mbegu yake ilifungwa kwa kitenge changu. Kitenge alichoninunulia mume wangu. Hakitafunga tena kitu chochote kutoka hapa kikapeleke njaa kwa watu. Wala hilo shati lako."

Kisha Ndikuriyo, ambaye alikuwa akila mhindi wa kuchoma ameegemea tairi, alifuta midomo.

"Mimi nimeambiwa nirudi na mbegu zilizokaguliwa," alisema. "Nikirudi na nyingine, mke wangu ndiye atakayekuwa wa kwanza kunitupa kwenye shimo. Shamba la mwenyekiti liko mbali?"

"Hapo tu," Novatus alisema. "Unaweza kulitemea mate."

"Basi kagueni. Mimi bado nina mhindi."

Watu wote walimgeukia Wiston. Alikuwa na nafasi ya kukataa, na kila mmoja aliona akiipima. Mwishowe alinyanyua mkono kuelekea shambani, kama mtu anayefukuza nzi.

"Nendeni. Mkitoka huko hamna kitu, mtaniomba radhi hapahapa."

"Kwa magoti," Marsiana alisema.

Aliingia mstari wa kwanza, Novatus wa pili. Kweli lilikuwa shamba zuri. Mashina yalisimama sawasawa, majani mapana, na kwa mistari mingi hakuona doa. Akaanza kuwaza jinsi magoti yake yatakavyouma. Akaendelea kuinama. Kwenye kona ya chini, inayopakana na shamba lake mwenyewe alilochoma, alifunua jani na kuona njano ikifuata mshipa. Akafunua la jirani. Halafu la tatu.

Hakufurahi. Nzi weupe, wanaobeba ugonjwa huo, walikuwa wamevuka kutoka shambani kwake kuja kwa Wiston, bila kujali nani mwenyekiti na nani mjane.

"Novatus," aliita. "Njoo uone wewe, nisije nikasemwa."

Novatus alitazama, akang'oa shina, wakalipeleka ghalani hivyohivyo na udongo wake. Wiston mwenyewe aliupasua muhogo. Alipasua na wa pili kutoka shina hilohilo, akakaa chini juu ya fungu lake lenye kitambaa chekundu, kisu mkononi.

"Hata mistari ya juu?" aliuliza. "Ile ni mizima."

"Shamba ni moja," Novatus alisema. Akachukua simu ya njano na kulifunga lisitoe mbegu. Simu iliuliza nani amekagua, ikapokea majina mawili.

Fuso liliondoka na nafasi kubwa nyuma, turubai limelegea. Ndikuriyo alipanda, akashusha kioo.

"Mama," alimwambia Marsiana, "hizi zitagawanywa kidogokidogo. Wengine watakosa, na watanitukana."

"Waambie mwakani zitakuwa nyingi. Na waambie wakivuna wakate muhogo mmoja waangalie ndani. Wasituamini tu."

Lilipopotea kwenye kona, Wiston alisimama akajifuta suruali. "Mkutano ujao nitaomba wakuondoe kwenye ukaguzi," alisema, bila kelele.

"Omba. Ni haki yako."

"Na watanisikiliza."

"Huenda. Lakini utakayemweka atapita palepale, Wiston. Ataulizwa jina, na jina lisiwe lako."

Irine alikuwa bado juu ya ndoo. Marsiana alipompita alimgusa kichwani kwa kiganja, kama anavyofanya padre kwa watoto ambao hawajafikia kupokea komunyo, akamwambia akalale.

Jumatatu Marsiana alichukua jembe, akafunga nyuma ya baiskeli mafungu mawili ya Novatus yaliyopita ukaguzi, akaenda Kaniha. Tecla alimkuta uwanjani anashusha.

"Hivi vina chandarua," Tecla alisema. "Vyako viko wapi?"

"Mimi mwaka huu sina. Lakini mikono ninayo. Tuanzie wapi kung'oa?"

Walianzia kona ya juu. Tecla aling'oa, Marsiana alikusanya na kuchoma, na mpaka jua lilipokuwa kichwani nusu ya shamba ilikuwa imebaki udongo mtupu. Simu ya Marsiana ililia mfukoni mwa gauni. Alijifuta mkono, akaona jina, akapokea.

"Mama Jovitus." Ilikuwa sauti ya Wiston, na nyuma yake kulisikika moto ukitafuna vijiti vibichi. "Nimechoma. Lote. Nimechukua mbegu kwa Novatus, nataka kupanda upya wiki hii. Sasa hii programu yenu ya njano... nimeiweka. Inaniuliza nani atakuwa mkaguzi wa shamba langu. Niandike nani?"

Marsiana alitazama moshi wa Tecla ukipanda.

"Yeyote asiye wewe," alisema, akarudisha simu mfukoni na kushika jembe.